Nia ya Kukaa

Barabara ya Mpaka, hapa Kansas City,
ina majimbo mawili: mashariki ni Missouri,
magharibi ni Kansas.
Katikati kuna mstari wa njano uliofifia
na paka wa jirani anayevuka bila kibali.

Shangazi Mkamburi anakaa Kansas.
Chuo kiko Missouri.
Nilipoulizia ada karani alitaja bei mbili,
kama muuza mitumba aliyekwishaviona viatu vyako:
ya wenyeji, na ya wageni,
na ya wageni ilikuwa mara mbili na nusu.
Somo ni lile lile la uuguzi.
Sindano ni ile ile.

Nikahama hatua arobaini na tatu.
Nilizihesabu, godoro kichwani,
Shangazi nyuma yangu na sufuria mbili, akinung'unika:
"Watu huhama kwa vita, huhama kwa njaa.
Wewe unahama kwa stakabadhi."

Kwetu Wundanyi tulisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza:
zamu ya usiku, ghala la vipuri,
masanduku hadi mgongo ukajifunza kuhesabu.
Lakini ugeni haukwisha.
Ugeni wa hapa una miezi kumi na miwili,
na kila mwezi sharti uache unyayo:
bili ya umeme ya Machi, dola thelathini na moja;
leseni ya udereva, kwenye picha nimefumba jicho moja;
kadi ya maktaba; fomu ya kodi ya mapato;
mkataba wa chumba cha chini ya nyumba
uliotiwa saini na Mzee Delbert Koontz,
ambaye jina langu, Wakesho, huliandika hivi kwamba
mwisho wake unasomeka kama shoo,
na kiingilio hajaweka.

Januari mabomba yaliganda, yakapasuka.
Usiku kumi na tisa nililala kwa Shangazi,
upande usiofaa wa mstari wa njano.
Kutoka dirishani kwake niliuona mlango wangu
na taa ya kibarazani niliyoiacha ikiwaka makusudi,
ili mita iendelee kunishuhudia.

Fomu inauliza: umewahi kulala nje ya jimbo?
"Andika hapana," akasema Shangazi. "Nani alikuona? Paka?"
Niliandika: siku kumi na tisa. Sababu: maji.

Bi. Hutchins alisoma, akavua miwani.
"Ulikwenda mbali kiasi gani?"
"Hatua arobaini na tatu."
Hakucheka. Aligonga muhuri pembeni,
akasema kamati ndiyo itakayoamua,
kisha akanisogezea ukurasa wa mwisho.

Hapo ndipo penye neno.
Naapa kwamba nina nia ya kukaa hapa
bila kikomo.

Nia.
Kwetu haina karatasi.
Nia ya mtu huijua kwa anavyoushika mpini,
kwa anakopanda migomba: karibu na nyumba, au mbali.
Hapa walitaka herufi za jina langu
na tarehe, mwezi ukitangulia siku.
Kalamu ilikuwa imefungwa mnyororo mfupi, kama mbuzi.
Nikatia saini.

Saa tatu usiku mama alipiga simu.
Kwake kulikuwa kunakucha, nilisikia ndoo.
Hakuuliza ada. Aliuliza kama ninakula mboga,
akasema kile chumba changu amekiezeka upya,
mabati ya bluu, fundi alimwibia misumari,
halafu, kama mtu anayeuliza saa:
"Basi unarudi lini?"

Ng'ambo ya barabara Shangazi alikuwa akifunga mapazia ya Kansas.
Nakala ya kiapo ilikuwa mezani,
nimeilalia kwa kiwiko.

"Mtandao unakatika, mama," nikasema.

Haukuwa ukikatika.